Udongo Ulikuwa Mkavu

Mwavita mwanangu,

Nakuandikia nikiwa huku nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mti wa avoka, makopo ya maua yamenizunguka. Alasiri nimeshaswali. Nakusikia chumbani unafunga mizigo na kuimba, na shangazi yako Faila anakugombeza kwa sababu umesahau kutia kitenge kizito. Mambo ya kitenge, ya sabuni, ya chandarua, na ya yule kijana wa piki kwamba asikimbize kwenye matope, hayo namwachia dada yangu. Anayaweza kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu, na siwezi kukuambia uso kwa uso. Utalia, na ukilia mimi nitanyamaza, na nimeshanyamaza miaka ya kutosha.

Basi soma. Kulia utalia baadaye, njia ya kwenda Wamaza ni ndefu.

Kesho unakwenda kuwa muuguzi wa watu. Kituo chenyewe wanasema ni vyumba viwili na mlango mmoja, dokta hakuna, na hospitali iko mbali, kwa piki ao kwa miguu. Mgonjwa akifika mlangoni pako amefika mwisho wa safari yake. Watu wa mtaa wanapita hapa tangu asubuhi kunipa pongezi. Na unajua wanavyoniita, hata leo, siku ya furaha: "Eh, Baba Kikombe, mutoto wako amekuwa muganga!" Wanasema wakicheka, hawana ubaya, wengine hawajui hata jina hilo lilitoka wapi. Mimi najua. Na wewe unajua, maana lilitoka mdomoni mwako, kwenye matanga ya mama yako, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani: "Baba alimupimia mama maji na kikombe, mpaka mama akakufa na kiu." Ulikuwa na miaka kumi na minne. Wanawake walinitazama, wakafunika nyuso na vitenge vyao, wakaendelea kulia kwa sauti ya juu zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la kahawa ya wageni. Nikaendelea kugawa kahawa.

Nianze na maua. Unasema siku zote kwamba nayapenda kuliko watu, na pengine ni kweli, maana maua hayajawahi kunipa jina.

Ya kwanza alikuja nayo mama yako kutoka kwao Nyangwe, alipoingia nyumba hii kama bibi arusi. Miche mitatu, imefungwa kwenye majani ya mgomba, ile ya majani mapana yenye madoa mekundu. Kwao inaota yenyewe chini ya miti mikubwa karibu na mto. Jua haiitaki kabisa. Jua la saa sita likiigusa, majani yanaungua ukingoni. Akaipanda hapa ukutani, ambako jua halifiki. Ni maua ya kudumu, hata majani yakikauka yote kiazi chake kinabaki chini na kitaota tena kikitaka. Mimi wakati ule nilikuwa na duka la nguo sokoni, maua sikuyajua mbele wala nyuma.

Sasa sikia ujinga wa baba yako. Sisi hapa tulizoea kutawadha kwenye lile jiwe la ukutani, na tulilelewa kwamba maji ya udhu hayamwagwi penye uchafu. Nikaona, aa, nimepata mahali safi. Nikachimba mfereji mdogo kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye maua. Mimi natawadha, maji yanakwenda kwenye maua. Babu yako anatawadha, maji yanakwenda. Majirani wanaokuja kuswali na sisi, na wao pia. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Nilikuwa najisifu kabisa kwamba katika Kasongo nzima hakuna maua yanayonyweshwa maji ya ibada kama yangu. Mama yako akaniambia, "Utayaua." Nikamcheka. Nikamwambia kwenu mnaishi ndani ya mto, leo unaogopa maji ya birika?

Maua yakaanza kulegea. Majani yakainama, shina likawa teketeke, na mtu yeyote mwenye macho angesema haya yana kiu. Nikaongeza maji! Kila yalivyozidi kulegea nilizidi kuongeza, na jioni niliyamwagia mpaka juu ya majani ili yapoe. Siku moja nikashika shina, likatoka lote mkononi, limeoza kama kitunguu cha zamani, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Ua lililozama linalegea sawasawa na ua lenye kiu, Mwavita. Ukiliangalia kwa macho utadanganyika kila siku. Sharti utie kidole ndani ya udongo, mpaka kwenye kiungo cha pili. Kikitoka na udongo unaonata, achana nalo, hata kama limelala chini. Kikitoka kikavu, lipe maji, asubuhi, kwenye shina, polepole mpaka yashuke, na kopo lake liwe limetobolewa chini. Hayo nilijifunza kwa kuua miche miwili ya mke wangu mbele ya macho yake. Haya yote unayoyaona, yanayopelekwa kwenye harusi na mpaka kwa masista, ni watoto wa ule mmoja uliobaki.

Wewe hukupenda kamwe kazi hii. Ukiona ua limeinama unakimbilia kopo la maji. Nilikukemea toka una miaka sita, na ukanichukia toka una miaka sita.

Halafu mama yako akaanza kuvimba. Miguu kwanza, halafu uso, asubuhi macho hayafunguki vizuri. Hospitalini wakatuambia figo zake hazitoi maji tena. Muganga akaniita pembeni na kunipa sheria: vikombe viwili kwa siku, chai imo ndani ya hesabu, mchuzi umo ndani ya hesabu. Akinywa zaidi, maji yatapanda kifuani na atazama akiwa kitandani mwake. Wajomba zako wakaanza kutafuta namna ya kumfikisha Kindu, apande ndege, afike kwenye mashine ya kuosha damu. Gari likapatikana. Jumatatu tungeondoka.

Nikachukua kikombe cha plastiki na kukifanya askari wangu. Unakumbuka. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Lualaba, aliyekunywa na kuoga na kuogelea bila kuomba ruhusa ya mtu, nikawa nampimia maji kama mfungwa. Hapa kwetu hakuna anayemnyima mgonjwa maji. Mtu anakuja kumwona mgonjwa na chupa ya chai, na uji, na juisi, ndiyo heshima yenyewe. Mimi niliwarudisha mlangoni na chupa zao. Nilimfukuza mpaka Faila, dada yangu wa tumbo moja, na birika lake. Mama yako alinitukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Alinilamba mkono, Mwavita, kwa sababu ulikuwa na maji baada ya kutawadha. Nikauvuta mkono. Nililowesha kitambaa nikampangusa midomo, nikamnyima. Nilimpenda mama yako kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda, na wewe umo katika hesabu hiyo.

Wewe ukaniuliza, "Baba, uko unamunyima mama maji juu ya nini?" Nikakujibu, "Nimesema hapana, nyamaza." Hapo nilikosea, na kosa hilo nalilipia mpaka leo. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kuambiwa figo ni kitu gani. Nilidhani neno la baba linatosha, kama neno la babu yako lilivyonitosha mimi. Mtoto akinyimwa sababu anajitengenezea ya kwake, na ya kwako ilikuwa kwamba baba yako ni mtu mbaya.

Ile Ijumaa nilikuachia mgonjwa, nikaenda msikitini. Kabla ya kutoka nilijaza birika kubwa la bati kwa mkono wangu, nikakuambia, "Haya ni ya maua. Yamesahauliwa wiki nzima." Nikaenda, nikaswali, nikamwombea mama yako, nikarudi. Birika tupu.

"Ulisha kumwanga maji ku maua?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

Uliongea ukiangalia miguu yako. Mama yako alikuwa ametulia kitandani, midomo inang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua hakuniomba kitu. Nilitoka huku nyuma. Nikatia kidole kwenye kopo la kwanza: vumbi. La pili, vumbi. Nikatia kwenye beseni lililopasuka, kwenye sufuria iliyotoboka, kwenye kila chombo mpaka cha mwisho kule pembeni, nikitafuta hata kimoja chenye unyevu ili niweze kukuamini. Udongo ulikuwa mkavu.

Magharibi mama yako hakuweza tena kulala chali. Nilimkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni, na povu lenye damu likamtoka mdomoni. Ulikuwa mlangoni, uliona. Kabla ya alfajiri akawa amekwisha. Jumatatu dereva akaja kama tulivyopatana, akapiga honi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mimi ndiye niliyetoka kwenda kumrudisha.

Kwa hiyo najua. Nimejua toka siku ile ile, mama yako akiwa bado hai. Nilijua uliposimama katikati ya wanawake na kunitangaza kuwa muuaji. Nilitaka kukupiga kofi mbele ya watu wote, na mpaka leo mkono unaniwasha nikikumbuka. Nikajiambia ni mtoto, akijua atavunjika, acha nibebe mimi. Nikabeba. Nimelibeba jina la Baba Kikombe sokoni, msikitini, kwenye ndoa za watu, na duka likafa kwa sababu wanawake hawakutaka kununua kitenge kwa mtu aliyemwua mke wake kwa kiu.

Usiniambie hukujua. Pengine wakati ule, ndiyo. Lakini ulikwenda shule ya uuguzi, na siku moja walimu wakawafundisha figo. Najua siku yenyewe, maana ulirudi hukugusa chakula, si sombe wala bugali, ukaingia kulala na viatu. Nikakungoja. Nikakaa hapa hapa kwenye maua nikasema leo atakuja, leo atasema, "Baba, kumbe." Hukuja. Wiki iliyofuata tulikuwa tunatoka sokoni, watoto wa mtaani wakapiga kelele, "Baba Kikombe! Baba Kikombe!" Nikakugeukia. Ulikuwa unacheka pamoja nao. Ulicheka, Mwavita, na ulikuwa umeshajua. Nimekusamehe mengi, hilo bado, na sijui kama nitaweza.

Wala usijifariji kwamba angekufa tu. Pengine angekufia njiani kabla ya Kindu. Pengine mashine ingemshinda. Pengine sasa hivi angekuwa humo chumbani anakugombeza pamoja na Faila. Mimi sijui, wewe hujui, na hakuna atakayetuambia.

Utaniuliza, baba, kama umenyamaza miaka yote hiyo, mbona unanivunja leo, siku ya kuondoka kwangu? Ningenyamaza mpaka kaburini, wallahi. Ni wewe uliyenifungua mdomo.

Juma lililopita nilikuona ukitoka hapa na kikombe chini ya kitenge. Nikakufuata. Uliingia kwa yule mzee fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye miguu yake imevimba kama ile tuliyoizoea katika nyumba hii, na hospitali wamempa sheria ile ile. Nilisimama nyuma ya dirisha lake kama mwizi. Nikamsikia anasema, "Asante, mwanangu, wewe peke yako uko mutu ku avenyu hii." Na wewe, mwenye diploma ukutani, ukamjibu, "Kunywa, papa. Kidogo haiue mutu."

Ile ya kwanza ilikuwa ya mtoto asiyejua. Hii ulifanya ukijua, na kitabu kiko kichwani mwako. Mzee bado yuko hai, safari hii. Nilimweleza binti yake afiche maji, na akaniangalia kama walivyoniangalia wale wa mkekani.

Unaita hiyo huruma. Si huruma. Wewe huwezi kuvumilia kuchukiwa, basi. Mtu akikutazama kwa macho ya kuomba, unampa chochote, hata kifo chake mwenyewe, mradi akuite mtu mzuri. Nimekuangalia toka ulipokuwa ukiyazamisha maua yangu na kukimbilia kwa mama yako kusifiwa. Hakuna aliyekuambia hili kwa sababu kila mtu anakupenda, na wanakupenda kwa sababu hujawahi kumwambia mtu hapana. Hakuna mtu ninayemwogopa katika nchi hii kama ninavyokuogopa wewe na kikombe mkononi.

Kesho utakuja kuniaga. Usizungumze neno la barua hii, wala usinipigie magoti. Kuomba kwako msamaha kumechelewa, sina kazi nako. Nitakupa mkono, nitakuombea dua mbele ya watu, na radhi yangu unayo, usije ukadhani nimekunyima na hiyo. Ukitaka kubaki nyumbani ulie, nitautoa mzigo wako nje kwa mikono yangu. Wamaza wanahitaji muuguzi, na wewe una kichwa kizuri na mikono mizuri. Nimekuona ukimfunga mtoto kidonda bila yeye kujua umeanza. Ningependa kukuona mzima katika kazi hiyo. Ningependa pia uje unione siku moja bila kuniangalia miguuni. Nakupenda, na nina hasira na wewe, na vyote viwili vimekaa mahali pamoja mpaka sivitenganishi tena.

Limebaki jambo ambalo mama yako alinikataza nisikuambie. Naivunja ahadi ya marehemu, Mungu atanihukumu.

Jioni ile, nikiwa nimemkalisha, nilimuuliza sikioni, "Nani alikupa?" Alijibu kwa vipande vipande, pumzi haimtoshi. Akasema, "Usimuulize mutoto. Niliomba mimi." Nikamuuliza kwa nini yeye, mtoto. Akasema, "Nilingoja utoke. Wewe ungekataa. Faila angeogopa. Mutoto hawezi kuniona nikilia." Akaniomba nikuache uishi bila kujua kwamba nimejua.

Mama yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiu, na mwenye kiu anatafuta mlango usiofungwa. Alituangalia sote nyumba nzima, akakuchagua wewe, mtoto wake aliyempenda kuliko roho yake, kwa sababu alijua wewe ndiwe utakayempa.

Na huko watakuchagua. Mgonjwa hana kazi nyingine kitandani ila kuwachunguza wanaomtunza, yupi mgumu, yupi laini, na kabla hujamaliza wiki Wamaza watakuwa wameshakujua. Siku moja atakuwapo mwanamke mwenye uso uliovimba. Atangoja wenzako watoke. Atakushika mkono, atakuita mama yake, atakuambia wewe peke yako ndiwe mtu, na maji yatakuwa hapo karibu, ndani ya kopo, safi. Mnyime, Mwavita. Halafu usikimbie nje kulia. Vuta kiti, ukae naye, akutukane mpaka usingizi umchukue.

Ni mimi, baba yako.